Basi la Tunduma: namna ya kuwashusha watu bila kununiwa

Sheria ya Basi la Tunduma, mchezo wa mchujo tunaoucheza Telegram kwa basi la kufikirika, inaenea nyuma ya tiketi. Kila jioni unachagua siti: upande wa jua au upande wa kivuli. Saa 3 usiku mkaguzi anapanda. Upande atakaouanzia, wote waliokaa huko wana kesi. Upande wa pili wanaendelea na safari. Hakuna maswali, hakuna mbio, hakuna ujuzi. Profesa na mtoto wa darasa la pili wana nafasi ileile. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo humu kwetu kuna watu wazima, wenye familia zao, wanaoamini walishushwa Mikumi kwa kukosa mbinu.

Grupu letu liko Telegram na ni la wapenzi wa mabasi ya masafa marefu. Kama hujawahi kukutana na watu wa aina hii, ni wale wanaosimama kando ya barabara wakisubiri basi moja lipite walipige picha, wanaomtambua dereva kwa honi yake, na wanaokesha wakibishana nani aliingia Mbeya wa kwanza. Mimi nakata tiketi stendi ya Msamvu, Morogoro, kwa hiyo niliingia humo kwa mlango wa kazi. Wananiita Dada Tiketi. Wengi wako hapa hapa nchini, ila kuna Wazanzibari walioko Muscat ambao nadhani wanachofuata ni picha za barabara zaidi ya mabasi yenyewe, na kuna kijana wa Iringa anayesoma Minnesota, ambaye kwake mkaguzi wetu wa usiku anapanda mchana kweupe.

Kabla ya hapo burudani yetu ilikuwa chemsha bongo. Unawekewa picha ya taa ya nyuma, utaje basi. Raha sana kwa wanaojua. Shida ni kwamba washindi walikuwa walewale, na mmoja wao ni fundi wa bodi, sasa huyo utamshindia wapi? Waliobaki wakawa watazamaji, kisha wakawa kimya, kisha wakawa watu wa kuingia, kusoma na kutoka. Nikaona tunahitaji mchezo ambao fundi wa bodi anaingia kama abiria mwingine yeyote.

Mchujo wetu nikauita Basi la Tunduma. Linatoka Mbezi, linashika barabara ya Zambia, na lina vituo tisa: Chalinze, Msamvu, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ipogolo, Mafinga, Makambako, Uyole, Tunduma. Anayebaki ndani mpaka mpakani ndiye mshindi. Ningeweza kuandika raundi ya kwanza, raundi ya pili, na matokeo yasingebadilika hata chembe. Lakini mtu aliyetolewa raundi ya nne ametolewa tu, basi. Aliyeshushwa Ruaha Mbuyuni anajua amezungukwa na magunia ya vitunguu, na mbele yake kuna mlima Kitonga ambao wenzake wataupanda bila yeye. Huyo ana la kusimulia, na hiyo ndiyo sababu atarudi kesho kusoma kilichotokea.

Kilichonikalisha zaidi ni hesabu. Ukiwa na pande mbili na upande mmoja unatoka, abiria 64 wanakuwa 32, halafu 16, 8, 4, 2, 1. Vituo sita tu safari imekwisha, na nusu ya basi imeshuka Chalinze hata soda hawajafungua. Umewabembeleza watu wiki nzima wajiandikishe, halafu usiku wa kwanza unawafukuza nusu yao! Hao ukiwaita tena hawaji.

Dawa ilitoka kazini kwangu. Mkaguzi akikukuta mara ya kwanza, anakukata kona ya tiketi tu. Mara ya pili ndipo unashuka. Kwa kona hiyo moja, Chalinze hashuki mtu. Msamvu kwa wastani inashuka robo, wanabaki 48. Mikumi wanabaki 32, Ruaha Mbuyuni 20, Ipogolo 12, Mafinga 7, Makambako 4, Uyole 2, na Tunduma anafika mmoja na chenji. Anayependa kanuni: chukua namba ya kituo, ongeza moja, gawanya kwa mbili zilizozidishwa pamoja, nyingi kama namba ya kituo. Ipogolo ni kituo cha tano, kwa hiyo ni 6 kwa 32, chini kidogo ya mtu mmoja katika kila watano. Tena ule uchungu unakuja kwa awamu. Kuna wasafi, kuna waliokatwa kona, kuna walioshuka, na aliyekatwa kona anaanza kusali kwa bidii ambayo msafi haijui.

Huo ni wastani, na wastani haujawahi kupanda basi. Abiria hawajigawi nusu kwa nusu. Chalinze mkaguzi alianzia juani, Msamvu akaanzia juani tena. Basi jioni ya Mikumi karibu gari zima lilihamia kivulini: "Huyu jamaa anapenda jua, hamuoni?" Mkaguzi akaanzia kivulini. Waliokuwa na kona iliyokatwa wakashuka kwa mkupuo, na wasafi wote waliokuwa wakijidai wakakatwa za kwao. Nilishaandika kabla ya safari kwamba mkaguzi hana kumbukumbu, kila usiku kwake ni usiku wa kwanza. Waliisoma, wakaniwekea dole gumba, wakahamia kivulini.

Na mabishano ya jua na kivuli! Kuna mzee mmoja wa Kyela, dereva mstaafu, aliandika maelezo marefu kwamba basi likitoka Mbezi asubuhi jua linakuwa nyuma, likishaingia Mikumi linakuwa juu, baada ya Iringa linaanza kukupiga usoni, na kwa hiyo mtu mwenye akili anakaa upande fulani mpaka Mafinga kisha anahama. Maelezo mazuri, ya mtu aliyeijua ile barabara kwa miaka. Hayahusiani na mchezo hata kidogo. Walimfuata kumi hivi.

Sikumkatiza, na kwa makusudi. Nilipokuwa nikipanga mchezo, niliwaza pia kuuendesha bila chaguo lolote: naandika majina, kila usiku majina kadhaa yanatoka, tunapeana pole. Nafasi ya mtu kubaki ingekuwa ileile kabisa. Ila mchezo huo ungekuwa kama kusubiri tangazo la umeme kukatika. Mtu lazima ashike kitu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, mwaka 1975 alichapisha majaribio, na katika moja wafanyakazi wa ofisi waliuziwa tiketi za bahati nasibu kwa dola 1. Wengine walijichagulia tiketi, wengine walipewa tu. Walipoulizwa baadaye wangeuza kwa kiasi gani, waliopewa walitaka kwa wastani chini ya dola 2, waliojichagulia zaidi ya dola 8. Mimi haikunishangaza. Pale dirishani, abiria uliyempangia siti 14 ukimwomba ahame atahama. Aliyeinyooshea kidole mwenyewe hiyo 14 utaitana naye mpaka kwa meneja.

Sasa, nani anaamua mkaguzi aanzie wapi? Hapa ndipo michezo ya bahati inapofia. Watu wanakubali kushindwa na bahati. Hawakubali kushindwa na admini.

Wazo la kwanza lilikuwa dadu ya Telegram. Tangu 2020 ukituma emoji ya dadu peke yake inabingirika, na namba inatoka kwenye seva yao, si kwenye simu yako. Lakini admini anaweza kurusha, asipoipenda akafuta, akarusha nyingine. Hilo ningeweza kulifunga kwa sheria. Hoja iliyoiondoa dadu ilitoka Muscat. Ustadh wetu alinifuata faraghani, kwa adabu kama kawaida yake: "Dada yangu, kamari umeiepuka, maana hutozi mtu senti. Ila dadu yenyewe ina maneno." Akanikumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inayokemea nardi, mchezo wa ubao unaochezwa kwa dadu. Najua wapo watakaosema emoji si dadu. Sikuwa tayari kufungua darasa hilo kwenye grupu la mabasi, na sikutaka mtu mmoja acheze huku moyo unamsuta. Nikamuuliza, na kura je? Akanijibu kura haina neno, na Nabii Yunus mwenyewe alitoswa kutoka jahazini kwa kura, nikasome Surat As-Saffat, aya ya 141. Nilipolipeleka grupuni, kijana wa Minnesota, mtoto wa mchungaji, akajibu kwamba hata kwao ipo, Yona sura ya kwanza, mstari wa saba. Kura ikapita bila kupingwa.

Kura yetu inakwenda hivi. Kila kituo kina wapiga kura watatu, na wote ni watu walio nje ya basi. Kwa vituo viwili vya mwanzo walikuwa waliochelewa kujiandikisha. Kuanzia Mikumi wakawa walioshuka. Kila mmoja anafikiria namba yoyote. Zikijumlishwa, jumla ikiwa shufwa mkaguzi anaanzia kivulini, ikiwa witiri anaanzia juani. Rahisi. Lakini wakizitaja mmoja mmoja, yule wa mwisho ndiye anayeamua kila kitu, maana ameshazisikia mbili na anajua amweke nani matatani. Telegram inakuruhusu kupanga ujumbe ujitume wenyewe muda fulani, tukafikiri tumeponea hapo. Saa 3 kamili namba zitadondoka pamoja. Hata hiyo ina tundu, kwa sababu ndani ya dakika moja mjanja anaweza kusubiri mbili zitue ndipo abonyeze ya kwake.

Tulichokubaliana ni kubadilishana. Wa kwanza anamtumia wa pili namba yake faraghani, wa pili anamtumia wa tatu, wa tatu anamtumia wa kwanza, yote kabla ya mlango wa kuchagua siti kufungwa saa 2 na nusu. Saa 3 kila mmoja anataja grupuni namba aliyopewa, si ya kwake. Kila mtu anajua namba mbili tu kati ya tatu, kwa hiyo hakuna ajuaye jumla. Na huwezi kudanganya, maana mwenye namba yake yupo na ana ushahidi kwenye simu.

Wawili wakila njama wanaweza kuharibu, hilo nakiri wazi. Kwa hiyo nikachagua watu wasioweza kula njama. Kila kituo: mmoja wa Simba, mmoja wa Yanga, wa tatu asiye wa kokote, ambaye Tanzania si rahisi kumpata lakini wapo, wengi ni Coastal Union wa Tanga. Mtu wa Simba amfichie siri mtu wa Yanga, siri ambayo akiitoboa anapata cha kumsimanga mwaka mzima? Labda mbinguni.

Fundi wa bodi, mbishi wetu, akauliza: je, kama watu wanapenda kutaja namba witiri? Swali zuri. Tuseme kila mmoja anataja witiri mara 6 katika kila 10. Ukimtegemea mtu mmoja, upendeleo ni mkubwa. Ukijumlisha wa watatu, jumla inakuwa shufwa mara 496 katika kila 1,000, karibu nusu kabisa. Mazoea ya mmoja yanafutwa na ya mwenzake. Kijana wa Minnesota akaongeza kwamba profesa mmoja, Manuel Blum, aliandika mwaka 1981 kuhusu namna watu wawili wanavyoweza kurusha sarafu kwa simu bila kuonana na bila kuaminiana. Mfano wake ni mtu na mtalaka wake walio miji tofauti, wanagombea nani abaki na gari. Yake ina namba tasa na hesabu nzito. Yetu ina Simba na Yanga.

Kuhusu pesa nitasema machache. Kila mara anatokea mtu wa "tuchange buku buku, mshindi abebe zote." Hapana. Ukishaweka kiingilio na mfuko wa mshindi, umetoka kwenye mchezo, umeingia kwenye eneo la Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi yake, na pia umewapoteza wote ambao dini yao haiwaruhusu, ambao kwetu si wachache. Zaidi ya hapo, mtu aliyeshushwa Mikumi na buku yake ndani hacheki. Zawadi yetu ni moja: mshindi anachagua picha ya basi ya kuwekwa kwenye uso wa grupu kwa mwezi mzima. Usiidharau. Kuna watu humu wangetoa mbuzi ili basi la kampuni wasiyoipenda lisikae pale hata siku moja.

Walioshuka ndio walionifurahisha kuliko walio ndani. Kwenye mchujo wowote, kila usiku unazidi kuwa na wafu wengi kuliko walio hai, na usipowapa kazi wanaondoka, unabaki unawatangazia watu wanne. Kupiga kura kulisaidia, ila kilichowashika ni vituo. Wa Mikumi walijitangaza kuwa ni wahifadhi, wakawa wanamtoza faini ya kuhesabu pundamilia kila anayepita na kelele. Wa Ruaha Mbuyuni waliuza vitunguu kwa waliobaki dirishani, na kulikuwa na mfumuko wa bei. Wa Mafinga walikuwa wachache, wakajiita Umoja wa Mbao, wakaandika katiba. Mama mmoja aliyeshuka Ipogolo alikuwa hajawahi kuandika neno grupuni tangu ajiunge. Usiku ule alituma sauti akilalamika kwamba konda hakumshushia begi lake la bluu, na hilo begi lilizungumzwa mpaka Tunduma. Kila aliyebaki ndani alitakiwa kuapa kwamba hajalikalia.

Nilikataa jambo moja tu, kuandikiana tanzia. Lilipendekezwa kwa nia njema, kwa mtindo wa yale matangazo ya vifo ya redioni, na lingechekesha. Lakini grupu la watu wengi hivi, huwezi kujua nani kalala hospitalini akimuuguza mama yake. Kushushwa basi kunatosha.

Makambako tulikwama. Walibaki wanne, wote na kona iliyokatwa, na chaguo linaandikwa hadharani, kila mtu anaona mwenzake kakaa wapi. Wawili wakagundua kwamba ukikaa palepale alipokaa mpinzani wako, hawezi kukupita. Wengine nao wakaiga. Wanne wote upande mmoja! Wakikutwa, wote wanashuka, na sheria inasema basi haliendi tupu, kwa hiyo kura inarudiwa. Wasipokutwa, hakuna kilichobadilika. Kila usiku wanasubiriana mpaka saa 2 na dakika 29, kama watu wanaosubiriana kulipa bili hotelini. Walioshuka wakaanza kupiga kelele za "dereva washa gari!" Ikabidi nitangaze kwamba kuanzia wakibaki wanne, kila upande una siti za nusu yao tu, anayewahi ndiye anayekaa. Wawili huku, wawili kule. Basi likaondoka usiku uleule.

Aliyefika Tunduma ni mama anayeishi hapo hapo Makambako, ana duka la vipuri. Tukamzunguka kama waandishi wa habari. Mama, siri ni nini? Akajibu kwa mstari mmoja: "Huku kwetu baridi. Siku nikisikia baridi nakaa juani, siku kukiwa na joto nakaa kivulini." Hakuwa amesoma ujumbe wa mtu yeyote. Picha aliyochagua ni ya basi lililoharibika kando ya barabara, abiria wamekaa chini ya mti wanakula mahindi. Malalamiko yalikuwa mengi, akaambiwa achague lenye kuonekana vizuri. Akasema hilo analionea huruma, na picha ikakaa mwezi wote.

Safari ijayo ni Mwanza, kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Walioandikishwa tayari ni wengi kuliko mara ya kwanza, na nimeona jambo linalonitisha. Watu wameanza kuulizana hali ya hewa ya Makambako. Kuna waliomwomba mama namba yake ya simu. Kuna mmoja, sitamtaja, kaweka Makambako kwenye programu ya hali ya hewa ya simu yake, yeye yuko Kigamboni. Wakifanya hivyo wote, basi zima litakaa upande mmoja kila siku na nitakuwa na mgogoro wa Makambako kuanzia Chalinze. Kwa hiyo sheria ya siti za nusu sasa inaanza kituo cha kwanza. Kivuli kina nafasi chache, jua lina nafasi chache, na mlango unafunguliwa saa 12 jioni. Ukichelewa utakaa palipobaki, hata kama Makambako kuna barafu.